Nani ashike rekodi? Mgomo wa teksi za New York wa 2007

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumatano, Septemba 5, 2007, madereva wa teksi za njano za New York walianza mgomo wa saa 48. Jiji lilikuwa limejaa wageni. Mashindano ya tenisi ya US Open yalikuwa yakiendelea Queens na wiki ya mitindo ilikuwa inaanza Manhattan, kwa hiyo siku zenyewe hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Waliouitisha ni New York Taxi Workers Alliance, chama kilichoanzishwa mwaka 1998 na kinachoongozwa na Bhairavi Desai, mzaliwa wa India. Kilichowatoa barabarani ni seti ya vifaa ambavyo jiji lilitaka vifungwe katika kila teksi: skrini ya abiria kwenye kiti cha nyuma, mashine ya kupokea kadi ya benki, na GPS ya kurekodi abiria alipandia wapi, akashukia wapi, saa ngapi na kwa nauli ya shilingi ngapi, au niseme dola ngapi.

Nimeusoma mgomo huu kwa muda mrefu. Wengi wanaoutaja huutaja kwa mkato: madereva waliogopa teknolojia, teknolojia ikaja, maisha yakaendelea. Maelezo hayo siyakubali. Ukisikiliza walichokisema madereva wenyewe mwaka ule, halafu ukafuata kilichotokea miaka kumi iliyofuata, utaona kwamba walikuwa wanauliza jambo la msingi, na waliopaswa kuwajibu hawakuwajibu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Dereva wa teksi ya njano kwa kawaida si mwajiriwa. Tangu mwaka 1979, Tume ya Teksi na Limuzini ya jiji, inayojulikana kwa kifupi kama TLC, iliruhusu wenye magari kuyakodisha kwa zamu. Zamu ni saa 12. Dereva analipa hesabu ya tajiri kabla hajaingiza gari barabarani, mafuta anajaza mwenyewe, halafu anaanza kuitafuta pesa yake. Kuna siku anarudi na cha kupeleka nyumbani, na kuna siku anarudi hesabu haijatimia, hasara yake. Likizo ya kulipwa hana. Tajiri naye ana medali, kile kibati kinachopigiliwa juu ya boneti, ambacho ndicho kibali chenyewe cha kubeba abiria wa barabarani. Idadi yake ilidhibitiwa kisheria tangu 1937, na wakati wa mgomo zilikuwa kama 13,000 hivi kwa jiji zima. Wanaoshika usukani ni wahamiaji kwa sehemu kubwa sana: Wabangladeshi, Wapakistani, Wahindi, Wahaiti, Wamisri, watu wa Afrika Magharibi.

Mtu wa namna hiyo, akiumwa anaitwa mfanyabiashara anayejitegemea. Lakini likija suala la kumfunga kifaa cha kumfuatilia, ghafla ana mkubwa wa kumwamuru.

Jiji lilikuwa na hoja yake. Mwaka 2004 TLC ilipandisha nauli kwa asilimia 26, ya kuanzia ikatoka dola 2 hadi dola 2 na senti 50, na mpango wa vifaa ulikwenda sambamba na ongezeko hilo. Kwa maneno mengine: nauli mmeshakula, sasa timizeni sharti. Madereva wakajibu kwamba nauli ilikuwa haijapanda tangu 1996, na kufidiwa kupanda kwa gharama za miaka minane si zawadi ambayo mtu anaidai irudishwe kwa njia nyingine. Mimi nawaunga mkono hapo. Tena waliokaa mezani mwaka 2004 hawakuwa watu wa zamu ya usiku.

Fedha ndiyo iliyouma kwanza. Abiria akilipa kwa kadi, asilimia 5 ya malipo ilikatwa kwa dereva. Safari ya dola 10, senti 50 zimekwenda. Mtu anayeishi kwa vinauli vya dola nane, kumi, kumi na mbili, akivijumlisha mpaka zamu iishe, anajua senti 50 ni kitu gani. Isitoshe, pesa ya kadi haishikiki siku ileile kama taslimu, ilhali hesabu ya zamu inadaiwa leo. Skrini ya nyuma ilirusha matangazo yanayoingiza pesa, na dereva wa kukodi hakuwa na fungu lake humo, ila sauti ilikuwa yake: tangazo lilelile, kipande kilekile cha habari, kikizunguka saa 12 nyuma ya kisogo chake.

Lakini GPS ndiyo ninayotaka kuizungumzia zaidi, kwa sababu ndiyo iliyodharauliwa. Jiji lilisema itasaidia kurudisha vitu vilivyosahaulika garini, itawezesha kutuma ujumbe kwa madereva, na itaondoa ile karatasi ya safari ambayo dereva alikuwa akiijaza kwa mkono. Likaongeza kwamba haikusudii kumfuatilia mtu akiwa nje ya kazi. Madereva wakasema: gari hili wengine ni letu wenyewe. Zamu ikiisha tunapelekea watoto shule, tunaendea sokoni, tunaendea msikitini. Kifaa hakishuki garini zamu ikiisha. Na kilichokwisha kuandikwa, nani atatuhakikishia kitatumika kwa kazi hiyo mnayoitaja tu?

Ofisa akiuliza "unaogopa nini kama huna cha kuficha", huwa namkumbuka mtu mmoja wa ofisini nilipokuwa naendesha gari la kusambaza bidhaa. Tuliambiwa kifaa kimefungwa kwa ajili ya wizi. Siku moja nimeegesha, mvua kubwa, nasubiri ipungue nishushe makatoni yasilowe. Simu ikaita. "Kaka, mbona umesimama hapo muda wote huo?" Nikamweleza mvua. Akasema, "Huku kwetu hakuna mvua." Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya upole. Alikuwa ameona kitone kimetulia kwenye skrini, na kitone hakina mvua, hakina makatoni. Kuanzia siku ile nilizoea kusogeza gari mita chache kila nikisimama, nionekane natembea. Kazi haikuongezeka hata kidogo kwa kusogea kule. Mafuta yaliungua tu.

Ndiyo maana nawaelewa madereva wa New York waliposema wanafuatwa. Hawakuwa na kosa wanalolificha. Kusimama kwa dereva kuna sababu nyingi: kwenda haja katika jiji lisilo na vyoo vya umma vya kutosha, kusali, kula, kunyoosha mgongo, kulia baada ya simu kutoka nyumbani. Rekodi inashika kusimama, sababu inaiacha.

Jiji lilijipanga kwa siku zile mbili. Abiria waliruhusiwa kuchangia teksi moja, na nauli zikatozwa kwa kanda badala ya mita. Meya Michael Bloomberg na watu wake wakasema athari ni ndogo. Chama kikasema madereva walio wengi mno wamekaa nyumbani. Chama kingine cha madereva kilipinga mgomo, na walioingia barabarani siku hizo walipata abiria wa kutosha kwa nauli zile za kanda. Foleni zilionekana kwenye viwanja vya ndege. Baada ya hapo vita vikawa vya takwimu, kila upande na asilimia zake.

Hapo kuna jambo ambalo sijaona likipewa uzito unaostahili. Ubishi ule uliwezekana kwa sababu vifaa vilikuwa bado havijaenea. Hakuna aliyekuwa na rekodi ya kila gari. Mgomo wa Septemba 2007 ulikuwa miongoni mwa ya mwisho ambapo dereva wa New York aliweza kugoma akiwa mmoja wa kundi lisilohesabika. Vifaa vilipokwisha kufungwa kila mahali, TLC ingeweza kujua, kwa namba ya leseni, nani aliingia barabarani siku ya mgomo na nani hakuingia. Sisemi iliwahi kufanya hivyo. Nasema uwezo huo ulihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kujadiliwa, na kwa watu wasio na mkataba wa ajira, wingi wao usio na majina ndio uliokuwa ngao. Mei 13, 1998, walipogoma dhidi ya kanuni mpya za Meya Rudolph Giuliani, karibu teksi zote za njano zilitoweka barabarani. Ngao ilikuwa hiyohiyo.

Mgomo wa pili, wa siku moja, ulifanyika Oktoba 22, 2007. Kati ya migomo hiyo miwili madereva walikwenda mahakama ya shirikisho kuomba amri ya kusimamisha mpango. Mwishoni mwa Septemba Jaji Richard Berman aliwakatalia. Hoja iliyowashinda ni kwamba teksi ni biashara inayosimamiwa kwa karibu na serikali, na habari za kupakia na kushusha abiria zilikuwa zinaandikwa hata kabla, kwenye ile karatasi. Kisheria labda ni sawa. Kiutendaji si kitu kimoja hata kidogo. Karatasi ilikaa kwa dereva kwanza, akaiandika yeye, kwa mkono wake, na kuitafuta karatasi moja kati ya mamilioni ni kazi ya mtu mwenye sababu maalumu. Faili la kompyuta halihitaji sababu. Linapekuliwa lote, la watu wote, kwa dakika.

Na likapekuliwa. Machi 2010, TLC ilitangaza kwamba rekodi za vifaa zimeonyesha madereva 35,558 wamewatoza abiria zaidi ya halali, katika safari milioni 1.8, jumla dola milioni 8.3. Chanzo ni kitufe cha mita kinachobadili nauli kuwa nauli namba 4, ile ya safari zinazotoka nje ya jiji kwenda Nassau au Westchester, ambako nauli inakuwa mara mbili. Fikiria uzito wa tangazo lile: kwa siku moja, sehemu kubwa ya madereva wenye leseni wakawa wezi mbele ya nchi nzima. Miezi miwili baadaye tume ikarekebisha: madereva 21,819, safari kama 286,000, na fedha zikashuka hadi kama dola milioni 1.1. Wezi walikuwepo, tena wengine wa kurudiarudia, na waliostahili kunyang'anywa leseni walistahili. Abiria aliyelipishwa mara mbili ana haki yake na sitaipunguza. Lakini safari zile milioni 1.8 zilitoka kwenye kifaa kilekile ambacho madereva waliambiwa kitawasaidia kurudisha miavuli na simu za abiria, na aliyehesabu, aliyetangaza na aliyesahihisha alikuwa mtu mmoja. Dereva aliyetaka kujitetea hakuwa na nakala.

Baadhi walirudi mahakamani. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba polisi kubandika GPS kwenye gari la mtu ni upekuzi kwa maana ya katiba, na dereva mmoja wa teksi, aliyetuhumiwa kwa ushahidi wa kifaa kile, akaona mlango umefunguka. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikamfungia: hakuwa ameonyesha kwamba ana haki ya umiliki katika gari lililofungwa kifaa. Nimeirudia hukumu hiyo mara nyingi na bado inanichoma. Mtu anaishi ndani ya gari saa 12 kwa siku, na linapokuja suala la faragha anaulizwa gari ni la nani.

Mwaka 2014 ndipo ilipoonekana wazi kwamba aliyeshika rekodi hajui hata kuitunza. Chris Whong, mtaalamu wa takwimu na ramani, aliomba rekodi za teksi za mwaka 2013 kwa kutumia sheria ya haki ya kupata habari za serikali. Akapewa: safari milioni 173. Namba za medali na za leseni za madereva zilikuwa zimefichwa kwa njia ya kompyuta iitwayo MD5, inayogeuza namba kuwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Tatizo ni kwamba namba za leseni za teksi zina muundo maalumu na si nyingi sana. Mhandisi Vijay Pandurangan alizipitisha namba zote zinazowezekana kwenye hesabu hiyohiyo, akalinganisha majibu, na ficho lote likafunguka kwa muda mfupi tu. Kuanzia hapo mtu yeyote angeweza kujua dereva fulani aliingiza kiasi gani mwaka mzima, alianzia zamu wapi na kuimalizia wapi, na kwa hiyo pengine anaishi mtaa gani. Wengine wakachukua picha za waigizaji maarufu wakipanda teksi, wakasoma namba ya gari kwenye picha, wakapata alikoshukia na alicholipa.

Mwaka 2015 mtu mmoja mtandaoni akaonyesha kwamba, kwa kutazama madereva wanaopumzika nyakati za sala tano, unaweza kukisia nani ni Mwislamu. Nilipoisoma hiyo nilikumbuka kona ya First Avenue na Mtaa wa 11, Manhattan, ulipo msikiti wa Madina, ambao unajulikana kwa teksi za njano zinazoegeshwa nje yake. Ukipita pale unaona watu wamesimama kwa dakika chache kufanya wajibu wao, kisha wanarudi kazini. Kuwaona pale ni jambo la kawaida. Kuwa na orodha yao ni jambo lingine kabisa, hasa katika jiji ambalo baada ya Septemba 11, 2001, polisi wake walikuwa wakipeleleza misikiti.

TLC bado hutoa faili za safari hadharani, na nimezifungua. Siku hizi mahali pametajwa kwa kanda, si kwa nukta kamili, na namba za leseni hazimo. Kila mstari ni safari moja: saa ya kupanda, saa ya kushuka, umbali, namba ya nauli, njia ya malipo, ushuru wa madaraja, bakshishi. Maelezo ya safu ya bakshishi yanasema kwamba inahesabu ya kadi peke yake. Ya taslimu haionekani. Nilikaa nikitazama sifuri za watu waliolipa taslimu, mstari kwa mstari. Mchumi anayezijumlisha bila kusoma maelezo ataapa kwamba wateja wa taslimu ni wachoyo kupita kiasi.

Na kadi zenyewe? Hapo madereva walikosea kwa sehemu. Skrini ilimpendekezea abiria bakshishi ya asilimia 20, 25 au 30, abiria akabonyeza, na madereva wengi wakakuta kadi inawaletea zaidi ya walivyotarajia. Mwaka 2012 ile asilimia 5 ikaondolewa, ikawekwa ada moja ya kila zamu. Hilo ninalisema kwa moyo mweupe, kwa sababu halipunguzi chochote katika lile swali lingine.

Swali hilo lilirudi likiwa limevaa nguo za wakubwa. Mwanzoni mwa 2017 TLC ilizitaka kampuni za usafiri wa programu za simu ziwasilishe pia mahali abiria wanaposhukia. Uber ikapinga hadharani, ikitetea faragha ya abiria. Hoja ya maana, na ndiyo ileile waliyoitoa madereva wa teksi miaka kumi nyuma. Kanuni ikapita hata hivyo, na hapo ndipo rekodi ilipofanya kazi ambayo sikuitegemea. Wachumi James Parrott na Michael Reich walipewa kazi na TLC, wakazichambua rekodi za kampuni hizo, na Julai 2018 wakaonyesha kwamba asilimia 85 ya madereva walikuwa wakipata chini ya kiwango cha chini kilichokuwa kikipendekezwa. Desemba mwaka huohuo jiji likaweka kima cha chini: dola 17 na senti 22 kwa saa baada ya gharama. Kampuni zisingelazimishwa kufungua vitabu, madereva wangebaki na malalamiko ya mdomo.

Kwa hiyo sina ugomvi na kurekodi. Ninachokitaka ni kile ambacho mtu wa zamu angekitaka: nakala yangu, siku ileile, kwa namna ninayoweza kuisoma. Niambiwe kabla, si baada, rekodi iliyochukuliwa kwa kazi moja inapotaka kutumiwa kwa nyingine. Mtu mwingine aisome pamoja na mkubwa kabla jina langu halijatangazwa. Na isitumike kujua nani aligoma.

Madereva wa Ulaya wa Uber na wa Ola, kampuni nyingine ya programu za simu, wameanza kuyapata baadhi ya hayo kwa kushtaki. Aprili 2023 mahakama ya rufaa ya Amsterdam iliamua kwamba kampuni hizo ziwape madereva habari zao, pamoja na maelezo ya maamuzi ambayo kompyuta ilifanya juu yao, yakiwemo ya kuwafungia akaunti. Baadhi ya walioshtaki walikuwa wameshaondolewa kazini kwa tuhuma za udanganyifu. Dai lao lilianzia kwenye kuomba kuona kilichoandikwa.